Fundi wa Kunyanyua Gari

Glasi zangu sita zilivunjika miaka ile, na zote najua zilikovunjikia: juu ya boneti za gari za watu.

Kabla sijahamia Isaka kwa mwanangu, nilikuwa nauza chai na wali Kahama, pembeni ya barabara ya kwenda Geita, na banda langu lilipakana na la fundi wa kunyanyua gari. Kila alipomaliza kazi alikuja kwangu na mikono yake ya grisi, akabeba glasi ya chai iliyojaa mpaka mdomoni, hata kama mteja ameshaitolea macho, akaenda kuituliza juu ya boneti. Hapo alichuchumaa, akafumba jicho moja, akaitazama. Chai ikikaa sawa pande zote alisema, "Iko sawa," akamwita mwenye gari. Ikiinama hata kwa upana wa ukucha, alirudi chini na jeki yake, na mteja wangu akaendelea kusubiri.

"Fundi, hiyo chai ilikuwa ya mtu," nilimwambia.

"Mpe nyingine, Mama Kulwa. Hii imeshafanya kazi." Halafu aliinywa yeye, ikiwa imepoa, na vumbi lake.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze. Gari ndogo za zamani, hizi zenye buti nyuma, zinatoka kiwandani zikiwa chini, tumbo karibu na ardhi, kwa sababu waliozitengeneza wana lami mpaka mlangoni. Huku kwetu masika ikishika, udongo mweusi wa mbugani unavimba, malori yanachimba makorongo, na gari ya namna hiyo inakwangua tumbo njia nzima. Fundi alikuwa anaingiza vipande vigumu juu ya springi, wenyewe wanaviita spesa, na gari inapanda inchi moja, mbili, hata tatu. Wateja wake walikuwa wanunuzi wa mpunga, walimu, manesi, wachungaji, na wachimbaji waliokuwa wanabeba viroba vya mawe kwenye buti kutoka kwenye maduara yao, yaani mashimo wanayochimba, hadi karasha, mashine ya kuyasaga. Hao wachimbaji aliwapenda kuliko wote na kuwagombeza kuliko wote. Mmoja alikuja na gari aliyoinunua jana yake, harufu ya dukani bado imo, anataka inyanyuliwe mara moja apeleke mawe. Fundi akamwambia, "Iache mwezi mmoja ifurahi. Kazi itaikuta tu." Yule akaona huyu mzee kichaa, akaenda kwa fundi mwingine.

Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mabega yake. Asubuhi alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka" hata nilipomjibu kwa Kiswahili, na akipewa kitu alisema "Wabeja" kisha akakikagua kama kina kasoro. Alikuwa mbishi. Ukimwambia jua kali, alisema jana lilikuwa kali zaidi. Na alikuwa na jambo moja lililonichekesha kila nilipolikumbuka: mtu huyu aliyepandisha gari za wilaya nzima alikuwa anaogopa kwenda juu. Bati lake lilipong'olewa na upepo alikaa na tundu miezi miwili, kwa sababu hapandi ngazi, na kuita mtu wa kumpandia aliona aibu. Mwishowe mkewe ndiye aliyepanda. Yeye alishika ngazi chini, macho kafumba.

"Mimi mtu wa chini," alisema. "Nikikaa juu nahisi naning'inia."

Ndiyo maana gari yake mwenyewe, nyeupe, ya buti, kuukuu, ilikuwa chini vile vile ilivyotoka kiwandani. Hakuitia spesa hata moja. Watu walimtania sana, "Kinyozi hajinyoi," na yeye alijibu neno moja miaka yote: "Yangu haipandi." Aliyajua mashimo yote ya Kahama, mapya na ya zamani, akayazunguka taratibu kama mtu anayepita katikati ya vyombo vya udongo sokoni. Mkewe, Mama Milembe, alikaa kushoto kwake, mkoba mapajani, kila Jumapili wakienda kanisani. Nilipenda kuwaona wakipita.

*

"Mkweo mama bado yupo?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mwanamume aliyeleta gari. Wageni waliotoka Moshi au Mbeya walidhani anawatania. Wenyeji walijibu bila kucheka, kwa sababu kisa chenyewe kilikuwa kinajulikana mpaka stendi.

Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alitaka gari yake ipande inchi nne, na tairi kubwa juu yake, ili masika afike mashambani. Fundi alikataa. Yule akabembeleza siku mbili, fundi akalegea. Kazi ikawa safi, chai ilikaa kwenye boneti haijatikisika. Wiki ile ile mfanyabiashara akatumwa kijijini kumchukua mama mkwe wake, jino linamsumbua, ampeleke hospitali. Sasa kwa mila ya Kisukuma, mama mkwe humgusi. Huli naye, humkazii macho, mkikutana njiani unampisha. Gari ilisimama juu ya tuta la barabara, bibi wa watu yuko chini kwenye mteremko, na ni mfupi. Akainua mguu, haukufika. Akainua mwingine, haukufika. Kitenge nacho kinapanda. Mkwewe akageuza uso akawa anatazama shamba la mihogo. Hapakuwa na mtu mwingine. Walisimama hivyo, yeye na mihogo yake, mama na mlango wake, hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kitu, karibu saa nzima, mpaka akapita mwanamke mmoja na ndoo ya maji akamsukuma bibi ndani.

Kesho yake mfanyabiashara alikuwa wa kwanza kwenye banda. "Ishushe," alisema, basi.

Tangu hapo fundi akawa na sheria. Mwenye mkwe, inchi mbili. Asiye na mkwe, tunaongea.

*

Alikuwa na imani nyingine kuhusu buti. "Mzigo na mtu wasilale chumba kimoja," alisema. Kwake buti lilikuwa stoo, na nyumba bila stoo si nyumba. Ndani ya buti lake niliwahi kuona jeki mbili, Biblia ya Kisukuma, jembe lisilo na mpini, na viatu vya mkewe vya kanisani vimefungwa kwenye mfuko, ili visipate vumbi kabla ya kufika.

Kwa hiyo mwalimu mkuu wetu aliponunua gari ya juu, wa kwanza mtaani, zile ambazo hazina buti, nyuma zimekatwa wima na mizigo inakaa humo humo na abiria, fundi aliizunguka mara mbili mikono nyuma. "Nzuri," alisema. "Na dagaa utaweka wapi?"

Mwalimu alicheka. Likizo ile ile akaenda Chato, akarudi na magunia mawili ya dagaa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Wiki tatu baadaye paka wa mtaa walikuwa bado wanalala chini ya gari ile. Mwalimu alikuja kuuliza kama kuna dawa. Fundi hakumcheka hata kidogo, alimpa unga wa mkaa auweke kwenye bakuli chini ya kiti. Alipoondoka tu, akaja kwangu akakaa, akacheka mpaka akashika kiuno.

Lakini gari za namna ile ziliendelea kuja. Nesi akanunua, mchungaji akanunua. Mwanangu Kulwa, ambaye ni karani wa mizigo hapa Isaka kwenye bandari kavu, alipokuja kunisalimia ndiye aliyeleta habari. Alikuwa anasoma kwenye simu, akasema, "Fundi, huko nje viwanda vingine vimeacha kabisa kutengeneza gari za buti."

"Wameacha kwa muda?"

"Moja kwa moja. Hata Isaka naona. Nilipoanza kazi, trela za gari zinazopita kwenda Rwanda na Burundi zilikuwa zimejaa za buti. Siku hizi nazitafuta kwa macho."

Fundi aliiweka chai chini. "Zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu. Watu wanataka kukaa juu. Wanasema wanaona mbali, wanajisikia salama. Wenye watoto wanataka nafasi nyuma. Na watu wazima hawapendi kuinama wakiingia."

"Na zamani walikuwa wanapenda kuinama?"

"Zamani gari ya juu ilikuwa inakunywa mafuta kama lori na inarusha watu kama lori. Sasa wamezitengeneza zinakwenda laini, mafuta kidogo. Mtu akipewa zote mbili anachukua ya juu, hata kama bei imezidi. Na wenye viwanda hiyo bei ndiyo wanaitaka."

Fundi hakubisha. Nilishangaa, maana kubisha kwake kulikuwa kama kupumua. Alinyanyuka akaenda kufuta vumbi kwenye gari yake nyeupe.

Jibu lake lilikuja wiki chache baadaye, akiwa chini ya gari ya mwalimu. Ilikuwa imeletwa kubadilishwa bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini, na yeye alikaa chini yake muda mrefu hagongi kitu. Nikadhani amesinzia. Mara nikasikia anacheka peke yake.

"Mama Kulwa, njoo uone."

Niliinama. "Naona matope."

"Ni ile ile." Aligonga chuma kwa spana. "Ni gari ya buti hii. Mikono ile ile, bushi zile zile, injini ile ile. Wameinyanyua, wakaikata mkia, wakaipa uso wa kununa. Basi."

"Kwa hiyo wamekuibia kazi."

"Hawajaniibia. Wamekubali." Alitoka chini, kapakaa matope hadi kwenye nyusi, anang'aa kwa furaha. "Mimi nilianza kabla yao."

Mwezi mzima alitembea na furaha hiyo. Kila mteja alisimuliwa kwamba mainjinia wa dunia wamefikia pale alipofika fundi wa Kahama. Mtu akimwambia basi kazi yako ndiyo inakufa, maana gari zinakuja zimeshanyanyuliwa, alijibu kwamba bushi hazifi. Na kweli kazi ya spesa ilipungua, akahamia kwenye bushi na shokapu, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Nilichomwambia mimi ni kingine. "Kama dunia nzima imekubali, nyanyua na yako."

"Dunia ifanye yake. Yangu haipandi."

*

Sasa nimseme Mama Milembe, maana bila yeye huyu mtu humwelewi.

Alikuwa mrefu kuliko mumewe kwa kichwa kizima, mwanakwaya, mcheshi, ndiye aliyepanda bati nililolisema. Kisha magoti yakaanza. Daktari akasema yamesagika, asiyakunje sana. Nyumbani alipata kigoda kirefu cha jikoni, akapika amekaa, mambo yakaenda. Kwenye gari ndipo palipokuwa na shida. Kuingia kwenye gari iliyo chini kiasi kile ilibidi ajiachie aanguke kwenye kiti, na kutoka ilikuwa kazi ya watu wawili. Jumapili moja alinasa mbele ya kanisa, watu wote wanatoka, wanakwaya wakamvuta mikono. Pale alicheka nao. Kwangu hakucheka.

"Nimevutwa kama mbuzi anayetolewa kisimani," aliniambia. "Sipandi tena ile gari, Mama Kulwa. Na yeye nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema nitapona."

Jumapili iliyofuata ilikuja bajaji. Kiti cha bajaji kiko usawa wa kiuno, unageuka tu unakaa. Mama Milembe akapanda bajaji na viatu vyake kwenye mfuko, na nyuma ya bajaji, mwendo wa bajaji, ikafuata gari nyeupe, fundi peke yake ndani, kiti cha kushoto kitupu. Wakapita hivyo mbele ya banda langu. Wakapita hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, miezi. Watu walikuwa wanacheka. Mwanzoni na mimi nilicheka, kisha nikaacha, nikaanza kukasirika.

Halafu Milembe, binti yao wa pekee, ambaye ameolewa Chato, akajifungua. Mjukuu wa kwanza. Mtoto wa kike, akapewa jina la bibi yake. Chato si mahali pa kwenda kwa bajaji. Ngazi za basi zilimshinda Mama Milembe, alijaribu stendi akarudi nyumbani. Mwalimu mkuu akaja na adabu zote, akasema gari yake ya juu ipo, kiti chake kinamfaa mama, Jumamosi atawapeleka wote wawili. Fundi akamshukuru. Akasema mke wake hapelekwi kwa mwanawe na gari ya mtu mwingine wakati ya mumewe ipo na inatembea.

Mtoto akatimiza mwezi. Akatimiza miezi miwili. Mama Milembe alikuwa anaonyeshwa picha kwenye simu, anakipapasa kioo kwa kidole, kisha ananirudishia simu yangu.

Siku hiyo fundi alikuja kuchukua glasi kama kawaida, nikaishika. Nilikuwa nimejaa.

"Baba Milembe, mtoto atatembea kabla bibi yake hajambeba."

"Nilishasema yangu haipandi."

"Ulimwambia nani? Mungu?"

Akaivuta glasi. Nikaendelea, maana ukishalianza bora ulimalize. "Umemuuliza kila mwanamume wa Kahama kama mkwewe yupo. Mwenyewe mkeo yupo, hata mara moja hujamuuliza."

Aliachia glasi. Hakuchukua chai siku ile, wala kesho yake. Siku ya tatu banda lake lilikuwa limefungwa, na ya nne, na ya tano. Nilijuta, nisiseme uongo. Nilijiuliza nani alinituma kuingilia ndoa ya watu wazima. Wateja wangu walikunywa chai yao kwa amani, hakuna aliyenyang'anywa glasi, na mimi sikufurahi.

*

Mara ya mwisho nilipomwona, kabla sijahamia Isaka, ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikuwa nakaanga maandazi. Nikaona gari nyeupe inakuja, na inakuja vibaya, imeegemea upande mmoja. Nikasema springi imekatika. Ikasimama mbele ya banda langu. Mlango wa kushoto ukafunguka, Mama Milembe akageuka, akateremsha miguu yote miwili kwa pamoja, akasimama.

Peke yake. Alisimama kama mtu anayeinuka mezani baada ya kula. Ana kitenge kipya, na kwenye kiti cha nyuma nikaona beseni la nguo za mtoto, na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Tunakwenda Chato," alisema. "Nifungie maandazi ya njiani."

Nilimkumbatia na unga mikononi. Akaninong'oneza, "Alikuja na futi ya kupimia, anapima kigoda changu cha jikoni. Siku tatu sijui anatafuta nini. Kumbe anatafuta kimo cha kiti." Nikachungulia ndani. Chini ya kiti cha kushoto kulikuwa na mbao zimefungwa kwa bolti, na juu mto uliofunikwa kitambaa cha kanga. Nikaenda mbele ya gari nikaitazama. Upande wa kushoto ulikuwa juu inchi mbili na zaidi. Upande wa kulia, wa dereva, ulikuwa pale pale, tumbo chini, kama siku ilipotoka kiwandani.

"Fundi," nilisema, "gari imelala."

"Haijalala." Alikuwa ameshashuka, anazunguka boneti na kofia yake ya safari. "Upande wa abiria umepanda."

"Na wako?"

"Nilisema yangu haipandi."

Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Nilimwambia gari itavuta upande, tairi zitaliwa. Akajibu zitaliwa, atanunua nyingine. Mama Milembe alikuwa ameshika mlango, anacheka ile sauti yake ya kwaya. "Mwache," alisema. "Mpaka Chato nitakuwa namtazama utosini."

Nikarudi bandani. Nikachukua glasi, nikaijaza chai mpaka mdomoni, nikaibeba kwa mikono miwili, nikaituliza mwenyewe juu ya boneti. Chai ikaegemea upande wa dereva, ikafurika ukingoni, ikachirizika kwenye rangi nyeupe mpaka kwenye taa.

Fundi alichuchumaa. Akafumba jicho moja, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama glasi.

"Iko sawa," alisema, akaichukua, akainywa ikiwa bado ya moto.